Kijiji Alichoazima Nimpaye

Kirushya ni kwetu. Nasema mapema ili asitokee mtu wa kunifundisha. Nilizaliwa huko Ngara, kwenye kilima chenye migomba mpaka mlangoni, nikasoma huko hadi darasa la sita, la sita la zamani, ambalo kwa hesabu zangu linatoshana na kidato cha nne cha hawa wa siku hizi. Kisha nikahamia huku Biharamulo, jirani na Lusahunga, kutafuta shamba pana. Kwa hiyo mtu wa kitongoji chetu akisema anatoka Kirushya, mimi ndiye hakimu wake. Na wanaosema hivyo ni wengi. Kama Kirushya ingekuwa imewazaa wote wanaodai kuzaliwa kwake, nyumba zingepandana kama kreti za soda.

Wa kwanza kuiazima kwangu alikuwa jirani yangu Nimpaye, na habari hii ni yake.

Pale Lusahunga, kwenye barabara ya Rusumo, wanamwita Mama Priscila. Utamkuta amekaa na mikungu yake ya ndizi mahali malori yanapopunguza mwendo, yakienda Kigali na Bujumbura au yakirudi. Ni mwanamke mrefu kidogo, wa makamo, mwenye maneno machache asubuhi na mengi jioni. Dereva akilalamikia bei, Nimpaye huyaangalia kwanza matairi ya lori, moja baada ya jingine, halafu humwambia, "Baba, unaendesha nyumba nzima barabarani, na unataka kulia kwa ajili ya ndizi?" Dereva hucheka, na mtu akishacheka mkono huenda mfukoni wenyewe.

Wazazi wake walivuka kutoka Burundi mwaka ule wa mauaji, sabini na mbili, wakimbeba mgongoni kaka yake mkubwa, Anastazi. Nimpaye mwenyewe alizaliwa upande huu, Ngara. Burundi hajawahi kuikanyaga hata kwa kupotea njia. Aliolewa na Gozbert, Msubi wa hapahapa, akapata karatasi zake kwa utaratibu wote, na kitambulisho cha taifa anacho, nimekiona kwa macho yangu. Kwenye ile picha amekaa kama mtu anayesubiri kung'olewa jino.

Anastazi hakuwa na karatasi. Alikuwa na shamba, mke, mbuzi na jina zuri katika kitongoji, basi. Ule mwaka wa operesheni, watu wasio na karatasi walipoambiwa waondoke, Anastazi aliondoka na godoro kichwani na mbuzi kwenye kamba. Nimpaye alikuwa ndani ya migomba yake, hatua chache tu kutoka njiani. Hakutoka kumuaga. Angetoka, wale waliokuwa wakitazama wangejua huyu ni kaka yake, na yeye alikuwa na watoto wadogo nyumbani. Aliniambia mwenyewe kwamba mwishoni aliona nyayo za kaka yake tu, kupitia katikati ya majani, mpaka zikaisha.

Baadaye Gozbert akafariki. Nimpaye akabaki na watoto na shamba lililopakana na la Wiston. Wiston si mtu mbaya. Tatizo lake ni kwamba miti yake ya mpaka ina miguu. Kila masika inasogea. Nimpaye akimuuliza, Wiston huwageukia waliopo na kusema polepole, kama anayejiuliza tu, "Huyu naye, hata sijui alitokea wapi." Maneno hayo machache yalitosha. Waliopo hunyamaza, na mti hubaki pale uliposogezwa.

Ndipo jioni moja Nimpaye alipokuja kwangu na ungo wa maharage ya kupukuchua, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Shikamoo, Mjomba." Kitongoji kizima huniita Mjomba, hata wale walioanza kunyoa kabla yangu.

"Marahaba. Maharage hayo ni yangu?"

"Yatakuwa yako nusu. Nataka uniambie habari za Kirushya."

"Zipi?"

"Zote. Kanisa linatazama wapi. Maji mnachota upande gani. Mtu akitoka sokoni anapita kwa nani."

Nikamwangalia. Yeye akaendelea kupukuchua.

"Watoto wanaulizwa huko shuleni na njiani," akasema. "Nataka wawe na kitu cha kujibu. Kihangaza cha huko kwenu tunakisema, Kirundi na Kihangaza ni ndugu, hakuna atakayesikia tofauti kubwa. Kijiji tu ndicho hatuna."

Basi nikamwazima kijiji. Kwa jioni kadhaa nilimpa vilima, nikampa chemchemi, nikampa mwalimu wetu aliyekuwa akichapa kwa mkono wa kushoto. Na kwa kuwa habari kavu watu hawaiamini, nikamwekea na babu yangu aliyemuua chui kwa mpini wa jembe. Babu huyo yupo kweli. Chui naye alikuwepo, ingawa nadhani babu alimkuta ameshanaswa mtegoni na kuchoka kabisa. Nimpaye alipokea vyote na akavifundisha kwa watoto wake kama sala. Kisha akina mama wengine wa kitongoji, wenye asili ya Burundi na hata ya Rwanda, wakaazima kwake. Mimi nikawa natembea kifua mbele. Si kila mtu ana kijiji cha kuwapa wenzake kikabaki.

Mambo yaliharibika pale shule yetu ya msingi ilipoletewa mradi wa elimu ya uraia wa dunia. Yalikuja mabango mazuri, karatasi nzito zinazong'aa. Kwenye bango moja watoto wa rangi zote wameshikana mikono kuizunguka dunia: mmoja kavaa nguo za Japani, mwingine za Brazili, mwingine kofia ya manyoya ya kule kwenye barafu. Mwalimu Clotilda, binti wa Bukoba, mwenye bidii kama siafu, akaunda klabu. Akawafundisha watoto kwamba binadamu wote ni majirani, kwamba mipaka imechorwa na watu. Mimi kama mjumbe wa kamati ya shule nilialikwa kushuhudia, na nilikaa kwenye kiti chenye mgongo.

Siku hiyo mwalimu alichukua majivu ya jikoni akachora ramani uwanjani. Tanzania aliichora mkoa kwa mkoa, na upande wetu akaufanya mkubwa ili tuonekane: Bukoba, Biharamulo, Ngara, na ndani ya Ngara akaweka kata moja moja. Ziwa Viktoria akalizungushia mawe. Ng'ambo ya mpaka akachora Rwanda na Burundi, kila moja kubwa kama mkeka wa harusini.

"Sasa," akasema, "kila mmoja akasimame mahali alipozaliwa babu yake."

Watoto wa Kisukuma wakakimbilia upande wa Mwanza na Shinyanga. Wahaya wawili watatu wakaenda Bukoba wakitembea kwa madaha, wapo hivyo tangu wadogo. Halafu watoto wa kitongoji chetu wakaanza kusogea. Wa kwanza akasimama Kirushya. Wa pili akasimama Kirushya. Wa tatu, wa nne, wakaja wengine wakaja tena, wote Kirushya, na Kirushya ya mwalimu ilikuwa na upana wa ungo. Wakashikana mashati wasianguke. Mjukuu wangu Avelina, ambaye babu yake ni mimi hapa, Mkirushya wa kuzaliwa, alisukumwa nje akajikuta amesimama Ziwa Viktoria.

Burundi ilikuwa tupu. Rwanda tupu. Kuku mmoja wa mlinzi alipita Burundi akidonoadonoa, akatokea upande wa pili.

"Ngara ndiyo imeongoza," akasema Mwalimu Clotilda, amefurahi. "Nani atatusimulia habari za babu yake?"

Mtoto mmoja akanyoosha mkono. "Babu yangu alimuua chui kwa mpini wa jembe."

Mwingine akasema, "Na wa kwangu."

"Na wa kwangu pia," akasema wa tatu. "Chui alikuwa jike."

Watoto wakacheka. Mimi nilicheka mpaka kiti kikalia. Mwalimu akasema kwa moyo wake wote kwamba Wahangaza ni watu mashujaa. Lakini nilipopangusa macho nikamwona Priscila, binti wa mwisho wa Nimpaye, amesimama katikati ya ule msongamano. Hakuwa akicheka. Aliwatazama wenzake, akamtazama Avelina kule ziwani, kisha akaitazama ile nafasi kubwa tupu ya Burundi. Huyu mtoto nyumbani anaitwa Niyonkuru, lile la Priscila ni la shule, na akili yake inakwenda mbio kuliko miguu. Nikajua kazi imeanza.

Mwisho wa kipindi mwalimu akatangaza kwamba siku ya wazazi watakuja wageni kutoka wilayani, na mtoto mmoja atasimama kusimulia jinsi familia yake ilivyofika hapa. Akamchagua Priscila, kwa sababu ndiye anayesoma kwa sauti isiyotetemeka.

Kilichotokea nyumbani kwao alinisimulia Nimpaye kesho yake, amesimama mlangoni kwangu na panga la kukatia majani. Hakutaka kukaa.

"Mjomba, chui wako ametuumbua."

"Mimi nilikupa chui mmoja. Wewe ndiye uliyemgawa kitongoji kizima."

"Ulisema habari kavu haiaminiki."

"Na bado nasema."

Hakucheka. "Jana mtoto kaniuliza, mama, babu yangu ni yupi? Nikamwambia, si yule wa chui. Akasema, huyo ni babu wa Avelina, mama. Nataka wangu."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia yote. Nilichoka. Nikamwambia bibi yake alivyovuka, nikamwambia kuhusu Anastazi." Akaligeuza panga mkononi. "Sasa anataka kusimama aseme hivyohivyo mbele ya wageni. Nimemtoa kwenye klabu."

"Wewe una kitambulisho, mama. Nani atakugusa?"

"Wiston atakuwa kakaa benchi la mbele. Siku ile miti yake ikitembea tena, nikienda mkutanoni kulalamika, nitasimama pale kama nani? Sasa hivi anasema hajui nilikotokea. Akishajua je? Shamba hilo ndilo watoto wangu wanakula, Mjomba. Gozbert hayupo wa kunisemea."

Nikamsogezea kigoda, hakukitazama.

"Na mtoto kasema nini?"

Akaangalia njiani. "Kasema, mama, wanatufundisha sisi ni wa dunia nzima, na mimi hata babu nimeazima."

Akaondoka. Hakuaga.

Siku za klabu zilizofuata, wenzake wakiwa wanaimba na kuchora bendera, Priscila alikuwa nyuma ya jiko la shule akiosha masufuria ambayo hakuna aliyemtuma kuyaosha. Mwalimu Clotilda akaja kuniuliza mimi, maana alishasikia kwamba mambo ya kitongoji chetu ninayo yote. Hapo hakukosea. Lakini sikumwambia. Nilimwambia tu, "Twende kwa mama yake. Vua hivyo viatu, kuna tope."

Tulimkuta Nimpaye ndani ya migomba akiondoa majani makavu. Mwalimu akaanza kwa Kiswahili cha semina. Akaongea kuhusu ujumuishi, na kwamba klabu inamhitaji kila mtoto, na kwamba Priscila ana kipaji. Nimpaye aliendelea kukata. Mwalimu alipoishiwa maneno, akaokota majani yaliyoanguka akaanza kuyalundika, vibaya, upande wa njia.

"Usiweke hapo, mwalimu. Weka kwenye shina."

Akahamisha.

"Wewe hili swali la watu wametoka wapi ulilipata wapi?" Nimpaye akauliza.

"Limo kwenye kitabu cha mradi, mama. Ni zoezi la kufahamiana."

"Huku kwetu swali hilo huwa linaulizwa na watu waliokuja na gari."

Mwalimu akasimama na majani yake mikononi.

"Wanashuka," akaendelea Nimpaye, bila hasira, kama anayeeleza njia ya kwenda kisimani, "wanasalimia vizuri, wanauliza jina, halafu wanauliza hilo. Watoto wetu tunawafundisha jibu kabla hawajajua kufunga kamba za viatu. Wewe umeliuliza kwa wema, najua. Mtoto hawezi kujua kama umeliuliza kwa wema."

Nikaona uso wa binti yule wa Bukoba unabadilika. Hakuleta visingizio, na kwa hilo nilimheshimu.

"Basi niulize nini?" akasema.

"Mimi sikusoma. Mwalimu ni wewe."

Tulirudi, mwalimu ameshika viatu mkononi. Karibu na shule akasimama.

"Mjomba, Burundi ilivyokuwa tupu siku ile, nilifikiri hakuna mtu wa huko."

"Kuku alikuwepo."

Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Watoto wangu wanaijua Brazili," akasema. "Wanajua na mto wake. Hapo Muyinga, Burundi, ambako mtu anafika kwa basi kabla chakula cha mchana hakijapoa, wanaogopa hata kukanyaga majivu."

Mimi nikampa ushauri wa bure: awaache wote wawe Wakirushya, nami nitasaini. Akasema hapana, Mjomba. Akasema mtoto akijifunza kwamba dunia nzima ni yake isipokuwa nyumbani kwao, hapo hajafundishwa kitu. Nilitamani ningelisema hilo mimi.

Siku ya wazazi ilifika. Wageni kutoka wilayani walikaa chini ya turubai, wazazi kwenye mabenchi, Wiston benchi la mbele kama ilivyotabiriwa, kavaa koti. Nimpaye alikuja kwa sababu mzazi asipokuja anasemwa, lakini alisimama nyuma kabisa, amejiegemeza kwenye ukuta wa darasa. Priscila hakuwa kwenye mstari wa klabu. Alikuwa anabeba viti. Kwenye ratiba nafasi yake ya kusimulia ilikuwepo, ila bila jina.

Mwalimu Clotilda alikuwa ameichora ramani upya, na safari hii hakuweka kata, ila aliongeza nchi nyingine, za karibu na za mbali. Akasimama pembeni yake, bila kitabu mkononi.

"Leo tunaanza na wazazi," akasema. "Sitamuuliza mtu katoka wapi. Nimejifunza kwamba hilo silo swali la kuulizana mbele za watu. Ninaomba kila mzazi aende asimame mahali alipo mtu wake, yule ambaye mkisikia kwamba anaumwa, chakula hakitapita. Ndugu, mtoto, rafiki, yeyote."

Hakuna aliyeinuka. Watu wakaangalia viatu vyao, wakaangalia vya wenzao. Kisha, kama kawaida ya watu wetu wakiwa kwenye shida, wakaniangalia mimi.

Nikainuka. Nilitembea taratibu ili wageni wa wilayani wanione vizuri. Nikaingia Ngara, na nikaendelea.

"Mjomba, umepitiliza kwenu," mtu mmoja akasema, watu wakacheka.

"Kwetu nakujua. Lakini dada yangu hayuko kwetu."

Dada yangu Auleria aliolewa ng'ambo ya mpaka wa Kabanga, huko Muyinga, na fundi baiskeli. Sisi Wahangaza tumeoana na watu wa ng'ambo tangu zamani, ila kwenye mikutano huwa hatulisemi sana. Ana kisukari. Nikasimama katikati ya Burundi peke yangu, na nikwambie kweli, si pazuri kusimama peke yako huku watu wote wanakutazama. Nilikuwa sijawahi kujua hilo. Ningeweza kurudi nikakaa nikawachekesha, ila nikamkumbuka Auleria, nikabaki.

Mama mmoja akaenda Kongo, mwanawe ni utingo wa lori la Goma. Mzee mmoja wa Kisukuma akaenda Geita kwa mjukuu aliye machimboni. Bibi mmoja Mwislamu mwenye nyumba ya wageni pale Nyakanazi akasimama Omani, ambako binti yake anafanya kazi za ndani na hajapiga simu siku nyingi, na aliposimama pale akajifunika uso kwa mtandio. Wengi walibaki Biharamulo. Wiston hakuinuka kabisa. "Wangu wote wako hapa," akasema, mikono kifuani.

Kisha nikamwona Nimpaye akijibandua ukutani. Alipita kati ya mabenchi, akaingia kwenye ramani upande wa Biharamulo, akaikanyaga Ngara pale alipozaliwa, na hakusimama. Akaja mpaka nilipokuwa.

"Sogea, Mjomba. Umejaza nchi nzima."

Nikasogea. Akaificha mikono yake ndani ya kanga.

Huko barabarani lori lilibadilisha gia.

"Na wewe una nani huko, Mama Priscila?" Ilikuwa sauti ya Wiston. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu aliyeokota kitu njiani.

"Kaka yangu," akasema Nimpaye. "Anastazi."

Minong'ono ikapita benchi hadi benchi.

"Anastazi yupi?"

"Unamjua, Wiston. Ndiye aliyekujengea zizi la kwanza. Na siku alipoondoka, wewe ndiye uliyemfungia godoro na kamba. Nilikuona. Mimi nilikuwa kwenye migomba, nilishindwa kutoka."

Wiston akafungua mikono kifuani. Akaangalia turubai, akaangalia wageni. Nilitegemea aseme lile neno lake. Alichosema ni, "Anastazi. Mzima huyu?"

"Mzima. Miguu inamsumbua."

"Alikuwa na miguu mibaya tangu hapo."

"Tangu hapo," akasema Nimpaye.

Basi, hayo tu. Hawakukumbatiana, msidhani. Ila baada ya hapo mama mmoja wa kitongoji chetu akainuka akaja Burundi, akaja mwingine, na mmoja akaenda Rwanda akiwa ameinamisha kichwa kama anayeingia mlango mfupi. Burundi ilijaa mpaka nikasukumwa kwenye mpaka.

Nimpaye akamgeukia mwalimu. "Kuna mtoto wangu pale anabeba viti," akasema. "Nilimzuia kusema. Kama nafasi yake bado ipo, mpe."

Priscila akaweka kiti chini. Alisimama mbele ya wageni na akasimulia, na sauti haikutetemeka. Alisema bibi yake alivuka na mtoto mgongoni na mbegu za maharage zilizofungwa kwenye pindo la nguo, na kwamba maharage yale bado wanayalima. Alisema ana mjomba ambaye hajawahi kumwona, anayemfahamu kwa kikohozi chake kwenye simu. Alisema anaitwa Niyonkuru na anaitwa Priscila, na yote mawili anaitikia. Kisha akasema ahsanteni akaenda kukaa kwenye mstari wa klabu, pembeni ya Avelina, ambaye alimsogezea nafasi.

Ofisa mmoja aliuliza zoezi lile lipo ukurasa wa ngapi wa kitabu. Mwalimu Clotilda akasema, "Bado halimo."

Nisiwadanganye kwamba kila kitu kilinyooka. Kuna mama aliyemwambia Nimpaye usoni kwamba amewavua nguo watu ambao hawakumtuma, na yule mama ana haki ya kuogopa kwake. Mtoto wake hayupo klabuni mpaka leo. Mwalimu Clotilda humpelekea kazi za kuchora nyumbani, wala haulizi lolote. Siku hizi pia, kabla ya kutumia zoezi lolote la kitabu, huja kwanza kwetu kuuliza kama kuna mtu litakayemchoma. Anapokuja huyo mwalimu, hunikuta mimi kwanza, kwa sababu nyumba yangu ndiyo ya kwanza na chai yangu ina tangawizi.

Wiston naye ni Wiston. Masika haya mti mmoja ulisogea. Nimpaye alienda mkutanoni, nami nikiwepo. Wiston akaanza, "Huyu naye, hata sijui," na Nimpaye akamsaidia kumalizia. "Nilizaliwa Ngara. Wazazi wangu walitoka Burundi. Niliolewa hapa. Hayo yote sasa unayajua, kwa hiyo tuongelee mti." Mwenyekiti akaongelea mti. Mti ukarudi, si mpaka mahali pake kabisa, lakini karibu. Nilimtazama Nimpaye wakati anakaa, nikaona amelowa jasho mgongoni kama aliyepandisha kilima na mzigo. Kusema vile hakujawa kwepesi kwake. Huenda hakutakuwa.

Ila juzi nilikuwa Lusahunga, nimekaa karibu na mikungu yake nikimpa ushauri wa biashara, ambao hauhitaji. Simu yake ikaita. Miaka yote, Anastazi akipiga, Nimpaye alikuwa akiipeleka simu migombani na kuongea kwa kunong'ona, na akiwa barabarani aliikata. Safari hii alibonyeza akaiweka sikioni palepale, katikati ya watu, akaongea Kirundi. Aliongea kwa nguvu, kwa sababu malori yalikuwa yanapita na kaka yake masikio nayo yameanza kuzeeka. Alimuuliza habari za miguu. Alimpa habari za Priscila. Alicheka.

Lori moja la Bujumbura likasimama, dereva akachungulia kutoka juu akiashiria mkungu mkubwa. Nimpaye akamwinulia kiganja.

"Ngoja kidogo, baba," akamwambia. "Naongea na kaka yangu."